Gramu Tisa Juu ya Sindano

Hai Malakal, Juba
Jumanne, 12 Machi 2024

Kwa Ruach, ndugu yangu,

Sauti ya Baba imepotea. Ilipotea juzi Jumapili, tarehe 10 Machi, saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, uani kwangu, mbele ya watu sitini na wawili niliowapikia mwenyewe. Nimeanza na hilo ili usihangaike kutafuta salamu. Salamu hakuna.

Nakuandikia kwa karatasi makusudi. Simu ukiikata unasingizia mtandao. Karatasi haikatiki, na dereva wa basi ameahidi kukupa mkononi.

Ile mashine ya santuri uliyoninunulia ndiyo iliyofanya haya. Tulimaliza sala, tukala chakula cha karama, karamu ya kumkumbuka Baba mwaka mmoja tangu afariki, nikaiweka mezani katikati ya ua, nikasimama. Unajua nilichokuwa nikiwaambia ndugu zetu miaka yote hii, kwamba katika wimbo aliomtungia fahali wake na kuurekodi kwenye santuri, Baba alinitaja mimi, binti. Unajua pia wanavyonijibu. Baba Mdogo Thok alikuwa amekaa mbele kabisa, miguu ameinyoosha, akasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Nyagoa, mwanamume akiimba hutaja fahali, hutaja baba yake, hutaja kijana wake. Binti hutajwa siku ya mahari."

Wakacheka. Nikamwambia, "Hicho kicheko kiweke akiba, Baba Mdogo. Utakihitaji."

Nikashusha sindano. Ruach, alikuwa ni yeye. Si mzee yule wa kitandani, bali Baba mwenye kifua. Wanaume waliinua mikono juu kama pembe, wakaanza kuruka, hata Thok na magoti yake. Ardhi ikawa inapiga. Halafu pale pale, kwenye maneno "na mtoto wangu wa kwanza," sindano ikaruka, ikarudi nyuma. Na mtoto wangu wa kwanza. Na mtoto wangu wa kwanza. Nilihesabu mara kumi na saba. Mmoja akapiga kelele, "Mzee amepata kigugumizi huko aliko!" Ua mzima ukaangua kicheko. Shangazi Nyapal alijifunika uso kwa upande wa tobe aliyojitanda akatoka nje ya geti. Nikajua hata yeye ananionea aibu.

Kisha ukaja mkwaruzo kama bati linaloburutwa kwenye saruji, na baada yake mwisho wa wimbo. Jina halikusikika. Nimepitisha ukucha juu ya sahani ya santuri: pana mtaro. Ukiupiga tena, sindano inateleza humo moja kwa moja.

Thok alisema maneno mawili tu. "Haya, tumesikia."

Sasa anataka Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada, nisimame mbele ya ukoo nifute maneno yangu. Mimi niliyewajengea wote hao mageti.

Nimeambatisha nakala za barua zetu tatu, usije ukasema hukuandika ulichoandika. Zisome kwa kufuata tarehe, kisha uniambie ulinunua nini.

Dada yako,
Nyagoa


(Nakala ya kwanza)

Kayole, Nairobi
Jumatatu, 22 Januari 2024

Dada mkubwa Nyagoa,

Habari za huko na joto lenu? Mimi nimemaliza kusahihisha madaftari ya watoto hivi sasa, ndiyo napata nafasi.

Sahani ya Baba ninayo salama. Iko kwenye bahasha yake ya 1986, pale Mama alipoiacha. Ni ile ndogo ya tundu kubwa katikati, kwa hiyo mashine ni lazima iwe na swichi ya mizunguko 45 kwa dakika, na kipete cha kuziba hilo tundu. Nisingejua haya. Amenifundisha fundi mmoja wa Kariobangi anaitwa Fred, ambaye kibanda chake kimejaa santuri mpaka yeye mwenyewe anakaa nje.

Ameniwekea za aina tatu.

Ya kwanza ni ya sanduku. Unafungua kama begi, spika zimo ndani, unachomeka tu. Shilingi elfu saba na mia tano. Fred haipendi. Anasema uzito wa sindano yake haurekebishiki, unakandamiza sahani kwa gramu tano, na sahani inataka mbili tu. "Hii," ameniambia, "ni ya kupiga sahani usizozipenda."

Ya pili ni ya Kijapani, kuukuu, mkanda wake wa mpira ameubadilisha. Nyuma ya mkono wa sindano kuna kizito unachokizungusha mpaka upate gramu unazotaka. Elfu ishirini na mbili, pamoja na amplifaya ndogo na spika mbili. Ubaya wake ni kwamba mota inafuata umeme. Jenereta ikichechemea, na wimbo unachechemea.

Ya tatu ni mpya, ina kizito hicho hicho, na inatumia adapta kama ya simu, haijali jenereta. Elfu thelathini na nne bila spika.

Mimi ningechukua ya pili. Sahani yenyewe ni moja, Dada. Hakuna nyingine.

Mdogo wako,
Ruach


(Nakala ya pili)

Hai Malakal, Juba
Alhamisi, 1 Februari 2024

Ruach,

Nimesoma, nimepiga hesabu. Wimbo wa Baba ni dakika tatu na sekunde arobaini, yaani sekunde mia mbili na ishirini. Nitaupiga mara moja, siku moja. Shilingi elfu ishirini na mbili kwa sekunde mia mbili na ishirini ni shilingi mia kamili kwa kila sekunde. Hata Baba mwenyewe hakulipwa hivyo.

Na hiyo ya Kijapani inategemea jenereta isiyumbe. Wewe umesahau Juba. Mwambie huyo Fred kwamba kila fundi huisifu ile ya bei. Mimi pia mteja akija kutaka mlango namwonyesha kwanza ule wa gharama. Nilikuja mji huu mwaka 2008 bila mtu wa kunipokea, leo nina karakana Hai Mauna na watu wanne wanaochomea chuma. Sikufika hapa kwa kununua ya pili pale ambapo ya kwanza inalia.

Chukua ya sanduku. Inaimba? Inaimba. Kalas, yameisha.

Wewe huwezi kujua jambo hili lina uzito gani kwangu. Ulikuwa mchanga mgongoni. Mimi nilikuwa na miaka mitano, sita, kule Kitale, nyumbani kwa Mama Sanyu, jirani pekee aliyekuwa na santuri. Wimbo ukifika "na mtoto wangu wa kwanza," Baba alikuwa ananinyanyua juu mpaka naona vumbi la juu ya kabati, na watu wote wanapiga makofi. Kila mara. Hakuna kitu kingine nilichopewa bure maishani.

Nyagoa


(Nakala ya tatu)

Kayole, Nairobi
Jumanne, 20 Februari 2024

Dada Nyagoa,

Mashine nimenunua, ile ya sanduku kama ulivyoagiza. Jumamosi tarehe 17 niliijaribu kwa Fred kwa sahani yenyewe, mara moja tu, kuhakikisha inazunguka sawa. Inafanya kazi. Inaondoka na basi la kesho, na sahani nimeifunga katikati ya mbao mbili nyembamba. Isikae juani hata dakika tano, itajikunja kama chapati.

Iweke juu ya kitu kizito kisichotikisika. Meza ya plastiki hapana.

Na nina ombi. Usiipige mbele ya watu mara ya kwanza. Jifungie, usikilize peke yako, ndipo uamue. Hata ukiamua kutowasikilizisha, karama itabaki karama.

Swali dogo tu la pembeni: wewe kweli ndiwe wa kwanza wa Baba? Nauliza kwa sababu darasani tunachora ukoo na watoto wananiuliza wa kwangu.

Ruach


Kayole, Nairobi
Jumanne, 19 Machi 2024

Dada mkubwa,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara tatu, nikaikunja, nikaenda darasani nikafundisha vibaya.

Pole. Najua hutaki pole yangu, lakini ninayo na sina pa kuiweka.

Nilimpelekea Fred maelezo yako bila kumwambia ni ya nani. Alisikiliza, akasema: "Mwalimu, ile sindano ni mbaya, hilo nilikwambia. Lakini sindano mbaya hula sahani taratibu, kama panya. Haichimbi mtaro kwa siku moja. Muulize huyo mtu, aliweka kitu gani juu ya kichwa cha sindano?" Mimi nakuuliza tu kama alivyouliza. Sikulaumu.

Siwezi kukulaumu, kwa sababu na mimi nina langu. Ile siku ya kujaribu, Fred alisema ataniazima ile ya Kijapani bure, wiki tatu, pamoja na kibetri cha kuituliza mota, mradi irudi. Alinionea huruma. Nilikuwa na nauli ya kuileta mwenyewe na siku za likizo nilikuwa nazo. Nilikataa. Nilimwambia dada yangu ameshaamua. Sikukwambia kwamba ilikuwepo nafasi hiyo. Nilifunga ya sanduku, nikaituma, nikijua ni mbovu, na nilipoiona inapakiwa kwenye basi nilipumua kama mtu aliyetua mzigo. Mpaka leo naona haya kwa pumzi ile. Usiniulize sababu yake.

Uliniuliza kwa simu ile Jumatatu, kabla sijakata, kama nilirekodi wimbo nilipoujaribu. Sikurekodi. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji tangu asubuhi siku hiyo. Laiti ningalikuwa na chaji.

Kuhusu Baba Mdogo Thok, Dada, mpe anachotaka. Simama, sema ulikuwa mtoto, huenda ulisikia vibaya. Ni maneno machache, halafu mnakula wali. Wewe una nyumba, una karakana, una jina mji mzima. Hilo la kwenye wimbo la nini tena?

Mdogo wako anayekupenda,
Ruach


Hai Malakal, Juba
Jumatatu, 25 Machi 2024

Ndugu yangu Ruach,

Nianze na langu, kwa kuwa ni la aibu na likikaa halipungui.

Niliweka sarafu. Shilingi ishirini ya Kenya, ile iliyobaki mfukoni nilipovuka mpaka wa Nimule mwaka 2008. Naitembeza kwenye pochi tangu siku ile, najidai nayo kwa vijana wa karakana: nilianza na hii. Sindano iliporuka mara ya kumi na saba nilimkumbuka Mama Sanyu. Yake ikiruka alikuwa anaibandika shilingi juu ya kichwa, inatulia. Na mimi nikabandika. Watu sitini na wawili waliniona, hakuna aliyejua anachokiona. Hata mimi.

Juzi nimeipeleka kwa sonara, nikamwomba aipime. Alidhani nimechanganyikiwa. Gramu tisa. Ongeza tano za mashine, ni kumi na nne. Fred alisema mbili. Nilimkandamiza Baba mara saba ya anavyoweza kubeba, kwa mkono wangu, ili anitaje. Na meza ilikuwa ya plastiki. Barua yako ilisema isiwe ya plastiki, na mimi ninamiliki karakana ya chuma, Ruach. Ningechomea stendi ya kubeba lori. Sikuchomea kwa sababu uliniambia wewe, mdogo, mwalimu wa kukodi nyumba, na sikutaka uwe umejua kitu nisichokijua.

Kwa hiyo yale niliyokuandikia tarehe 12 nayafuta. Mashine haikufanya. Nilifanya mimi.

Kuna lingine la chini zaidi ya hilo. Watu wale niliwaambia nimewaita kwa ajili ya Baba. Sikuwaita kwa ajili ya Baba. Niliwaita wanisikie mimi nikitajwa. Ng'ombe wa karama, mchele, viti vya kukodi, vyote nilivilipia kwa ajili ya jina langu. Yeye nilimfanya spika.

Sasa tuje kwako.

Unasema simu haikuwa na chaji tangu asubuhi ya Jumamosi tarehe 17 Februari. Ninayo picha ya mashine uliyonitumia: sahani ya Baba iko juu yake, inazunguka, hata maandishi yamefifia kwa mzunguko. Simu yangu inaonyesha iliingia siku hiyo hiyo, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri. Simu isiyo na chaji haipigi picha. Wewe hurekodi hata mvua ikinyesha juu ya bati, unanitumia dakika nne za mvua. Ulirekodi. Na unaficha.

Nilijiuliza unaficha nini, nikarudi kwenye tarehe, maana tarehe hazinionei huruma. Tarehe 17 ulisikiliza. Tarehe 20 uliniandikia nijifungie nisikilize peke yangu. Katika barua hiyo hiyo ukauliza swali dogo la pembeni, kama mimi kweli ni wa kwanza. Mwalimu, watoto wa darasa lako wamekujua miaka sita. Ukoo wako wameanza kuuulizia wiki ile?

Nilikasirika, sikukujibu. Sasa nakujibu. Mimi nimezaliwa 1981. Mama na Baba walioana 1977. Miaka minne, Ruach. Mimi ninayehesabu misumari ya mteja, hiyo miaka minne sikuwahi kuihesabu.

Jana nilipanda boda mpaka Atlabara kwa Shangazi Nyapal. Nilimkuta anachambua dengu. Nikamwuliza, "Shangazi, siku ile ulitoka getini. Ulikuwa unanionea aibu?"

Akasema, "Wewe? Kwa nini kila kitu kiwe chako wewe?"

Nikamwuliza basi alijifunika uso kwa nini. Aliokota jiwe kwenye dengu, akalitupa. Nikamwambia, "Shangazi, kabla yangu alikuwepo mtu?"

"Muulize aliyesikia," akasema. Akanimiminia chai, akanipa sukari mwenyewe kama vile nina miaka mitano. Getini tu ndipo alinishika mkono, akasema, "Thok hajui. Thok alikuwa Khartoum."

Usiku huo, malesh, samahani, jana hiyo hiyo, nilikaa nikajaribu kumkumbuka Mama Sanyu na ile sebule. Wimbo unafika "na mtoto wangu wa kwanza," Baba ananinyanyua, naona vumbi la juu ya kabati, makofi. Nimetafuta jina langu katika kumbukumbu hiyo. Halimo. Kuna makofi. Sikuwahi kulisikia jina lenyewe kwa sababu ya makofi. Miaka thelathini na minane nimegombana na ukoo mzima kwa neno nililofunikiwa na makofi. Na Baba wakati ananinyanyua, sasa nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kumnyanyua.

Naelewa ulichofanya. Uliona heri sindano mbovu iue wimbo kuliko wimbo uniue mimi mbele ya Thok. Hiyo ndiyo pumzi uliyoishusha. Sijui kama nikushukuru au nije Kayole nikuchape. Lakini hesabu yako ina kosa moja, na ndilo linalonifanya nishindwe kula. Kama kwenye wimbo ule kuna mtoto mwingine, basi alikuwa na mahali pamoja tu duniani pa kutajwa. Mama hakumtaja. Baba alimtaja kwenye sahani. Na mahali hapo hapo pamoja, kwa gramu zangu kumi na nne, nimepachimba mtaro nikamfukia mtu wa watu humo, huku nikidai nafasi yake mbele ya watu sitini na wawili. Yeye hana ua wa kusimama akabisha. Amebaki kwenye simu yako, karibu na mvua.

Jumapili ya Pasaka nitasimama. Nimeandika hotuba mbili. Ya kwanza nafuta maneno yangu kama Thok anavyotaka, nakaa, tunakula wali wako. Ya pili nafuta maneno yangu pia, lakini kisha nasema: mnayepaswa kumsikia ni huyu, na ninamtaja, kwa sauti, na mashine siihitaji. Ya pili ina nafasi tupu ya neno moja. Nimeipigia mstari.

Usiandike barua, basi halitawahi. Usipige, utakata. Usiniambie nisiumie, nimeshaumia na sikudai. Nitumie ile sauti, au kama huwezi kunisikilizisha, nitumie neno lenyewe tu. Ijumaa Kuu, tarehe 29, saa kumi jioni, nitakuwa nimekaa karakana nimezima mashine zote, simu iko mbele yangu.

Baba aliposema "na mtoto wangu wa kwanza," alimtaja nani?

Nyagoa